Rozari Shingoni, Deni kwa Jirani

Mhadhara kwa waamini wa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, katika mwezi wa Rozari



Nimeombwa niseme juu ya vitu vitakatifu tunavyovaa: rozari, skapulari, medali na msalaba. Msimu wenyewe unafaa. Tangu Papa Leo XIII alipoutenga Oktoba kuwa mwezi wa Rozari mwaka 1883, Wakatoliki hukusanyika mwezi huu kusali, na jumuiya zetu huizungusha sala hiyo nyumba kwa nyumba. Nikitazama shingo zilizo mbele yangu naona rozari nyeupe za plastiki za watoto wa Komunyo ya Kwanza, naona za mbao, naona za uzi uliofungwa mafundo, na medali zilizochujuka kwa jasho la shamba. Kuna aliyeniwahi na swali kabla sijapanda hapa: kuvaa hivi ni halali? Ni halali. Kama ni hilo tu, tungeimba wimbo wa kufunga tukarudi kwenye maharage yetu. Ninalotaka tulichambue ni gumu zaidi: mtu akishavaa, amejifunga kwa nani?

Wengi mtajibu kwamba amejifunga kwa Mungu, na hamjakosea. Wengine, kimoyomoyo, mtajibu kwamba hajajifunga kwa yeyote, amejikinga tu. Mimi nasema anayevaa alama ya imani mbele ya watu amejifunga pia kwa jirani yake, tena amempa haki ya kumdai. Wazee walisema ahadi ni deni, na rozari iliyo shingoni ni ahadi ambayo hata asiyejua kusoma anaisoma.

Alama iliyotangulia mahubiri

Katika mkoa huu alama hiyo ilionekana kabla mahubiri hayajaeleweka. Mwaka 1868, huko Algiers, Askofu Mkuu Charles Lavigerie alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika. Hakutaka vijana wake wavae kama makasisi wa Ufaransa. Aliwavika mavazi ya wenyeji wa Algeria, kanzu nyeupe na joho jeupe, na rozari wakaivaa shingoni kama mkufu. Ndio hao tuliokuja kuwaita Mapadri Weupe. Msafara wao wa kwanza kuja huku ulianza safari mwaka 1878, ukapita Bagamoyo, ukaingia Ujiji Januari 1879.

Ujiji ya siku hizo ilikuwa mji wa wafanyabiashara Waislamu, soko la pembe za ndovu na soko la binadamu. Tasbihi mkononi mwa mtu haikuwa jambo la kushangaza. Lakini wanaume waliovaa shanga za sala kifuani, zikiishia kwenye msalaba, walikuwa kitu kipya. Kabla hawajapata lugha ya kutosha kuhubiri, shingo zao zilikuwa zimekwisha kusema wao ni wa nani, na watu wakaanza kuwapima kwa hicho walichokivaa: je, hawa nao watanunua watumwa? Je, nao watapiga wapagazi? Alama iliwafungulia hesabu ambayo matendo yao ndiyo yangeijaza. Wala haikuwakinga. Mei 1881, mapadri wawili na msaidizi wao mlei waliuawa Rumonge, kando ya ziwa letu hilihili, upande wa Burundi ya leo.

Lavigerie aliagiza pia kwamba mtu asibatizwe haraka haraka. Mafundisho yachukue miaka minne. Katika misheni nyingi za ukanda huu wa Maziwa Makuu, aliyeanza mafundisho alivishwa medali kabla hajaguswa na maji ya ubatizo. Fikirini maana yake kijijini. Medali haikuwa zawadi ya kumaliza masomo. Mtu alitembea nayo miaka mitatu, minne, mbele ya wake zake, mbele ya waliomkopesha, mbele ya waliogombana naye mpaka wa shamba. Kila mmoja alijua huyu anafundishwa, na kila mmoja alikuwa na la kusema siku padri alipouliza kama amebadilika. Tangu mwanzo, basi, kilichovaliwa kiliwaweka majirani kuwa mashahidi wa mvaaji.

Tukumbuke tena kwamba sisi watu wa Buha tumezoea kuhama. Babu zetu walikwenda manamba kukata mkonge Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo ambako watu walihamishiwa kwa wingi katika vijiji vya ujamaa. Tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, hapa hapa Kasulu, imepokea watu waliovuka ziwa wakikimbia vita vya Kongo, na baadaye Warundi wakaongezeka. Kanisa la matofali halihamishiki. Anayekimbia usiku huacha benchi, kengele na altare, lakini rozari inakwenda naye. Akifika ugenini, ndiyo inayomtambulisha kwa katekista asiyemjua. Ndiyo maana vitu hivi vidogo vimekuwa na uzito mkubwa kwetu kuliko kwa mtu ambaye hajawahi kufunga mizigo kwa haraka.

Kanisa linafundisha nini

Kanisa huviita vitu hivi, pamoja na baraka zake, visakramenti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulivieleza katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki imefafanua katika namba 1667 na zinazofuata. Kwa ufupi, sakramenti ni saba na ziliwekwa na Kristo mwenyewe. Visakramenti viliwekwa na Kanisa, navyo ni vingi. Havitoi neema kama sakramenti zinavyotoa. Kazi yake ni kumwandaa mtu aipokee neema na ashirikiane nayo. Nguvu haitoki kwenye bati la medali wala kwenye uzi. Inatoka kwa Mungu anayesikiliza sala ya Kanisa zima, na inamfaa mtu kwa kadiri alivyoufungua moyo.

Tuchukue skapulari ya kahawia, maana ndiyo inayovaliwa bila kueleweka kuliko vyote. Ni vipande viwili vidogo vya kitambaa cha sufu, vimeunganishwa kwa nyuzi mbili. Kimoja hukaa kifuani, kingine mgongoni, nyuzi zikipita mabegani. Umbo hilo si la bahati. Watawa Wakarmeli walivaa kitambaa kirefu juu ya kanzu, kikining'inia mbele na nyuma. Skapulari yetu ni vazi hilo lililopunguzwa likawa dogo, na anayevishwa anaingizwa katika familia ya kiroho ya Karmeli. Ndiyo maana mara ya kwanza haivaliwi mtu akijinunulia tu dukani akajitupia shingoni. Padri huibariki na kumvisha kwa sala. Ikichakaa, unavaa nyingine. Mwaka 1910 Papa Pius X aliruhusu, baada ya kuvishwa ile ya kitambaa, mtu aweze kuvaa medali badala yake, na ruhusa hiyo iliwafaa sana watu wa nchi za joto ambao kitambaa huwaozea mwilini.

Mapokeo ya Wakarmeli yanasimulia kwamba mwaka 1251 Bikira Maria alimtokea Mtakatifu Simoni Stock na kumwahidia wokovu yeyote atakayekufa ameivaa. Hapo ndipo wengine hupotea njia. Wanasikia ahadi, hawasikii agizo. Mwongozo wa Vatikano juu ya ibada za watu, uliotolewa mwaka 2001, umesema wazi kwamba medali na skapulari si talasimu, na kuzivaa kunadai maisha ya Kikristo yanayolingana nazo. Mtu anayeiba mifuko ya mahindi ya ushirika huku akitegemea kitambaa kimwokoe, anaidharau skapulari zaidi ya yule asiyeivaa.

Rozari nayo ina shanga 59, sita za Baba Yetu na 53 za Salamu Maria, kisha msalaba. Ni chombo cha kusalia, na hilo linatuletea ubishi tunaousikia kila mara: je, rozari ivaliwe shingoni, au hiyo ni kuifanya mkufu? Nimekwisha kuwatajia Mapadri Weupe. Hakuna kanuni ya Kanisa inayokataza kuivaa. Kanuni ya 1171 ya Sheria za Kanisa inachodai ni heshima: kitu kilichobarikiwa kisitumiwe kwa mambo yasiyo matakatifu. Kwa hiyo usimhukumu bodaboda aliyeivaa. Muulize lini mara ya mwisho vidole vyake vilipita juu ya shanga hizo. Akiwa na jibu, ni rozari. Akikosa jibu, ni shanga tu, hata kama ilibarikiwa Roma.

Sura moja ya Biblia na maswali matatu

Sasa tuingie penye moto. Huku kwetu hofu ya uchawi si hadithi. Kuna watu walioketi hapa waliofungwa hirizi kiunoni wakiwa wachanga, na wengine wanayo hadi leo, imefichwa chini ya shati lilelile lenye medali juu. Mtu anajiambia kwamba kinga mbili ni bora kuliko moja.

Nawaomba mkifika nyumbani msome sura ya 19 ya Matendo ya Mitume, yote, bila kuruka. Katika sura hiyo moja mtakutana na mambo matatu. Mstari wa 12 unasimulia kwamba leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Jirani zetu wa madhehebu mengine wanaotuuliza kitambaa kina nini waanzie hapo. Mstari mmoja mbele wanaingia wana wa Skewa, wapunga pepo waliolitaja jina la Yesu bila kumfuata Yesu mwenyewe, na pepo akawapiga hata wakatoka mbio uchi. Kisha mstari wa 19: watu wa Efeso waliokuwa na vitabu vya uganga walivileta hadharani wakavichoma, na thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Luka hakuviweka vitatu hivyo pamoja kwa kubahatisha. Kitu kitakatifu kipo. Kukitumia bila imani kupo. Na kuna kuamua, mbele ya watu, kwamba huwezi kushika vyote viwili.

Tutatofautishaje basi? Nina maswali matatu ya kuuliza juu ya chochote kinachovaliwa.

La kwanza: kilitoka mkononi mwa nani? Rozari hubarikiwa kwa sala inayojulikana, kwa jina la Kanisa, na yeyote anaweza kusikiliza maneno yake. Hirizi hushonwa kwa siri, na aliyeivaa haruhusiwi hata kuifungua aone kilichomo.

La pili: kinamdai nini aliyekivaa? Skapulari inadai sala, usafi wa moyo, upendo. Hirizi inadai malipo na miiko, usivuke mto huu, usile samaki yule. Haikuulizi kama umempiga mke wako.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa: kinamtazamaje jirani? Hirizi huanza na dhana kwamba yuko mtu karibu anayenitakia mabaya. Ndiyo sababu inafichwa. Kila fungu la rozari huanza na Baba Yetu, na ndani ya Baba Yetu nimekwisha kuomba nisamehewe kama ninavyowasamehe wengine. Ukimweka jirani nje ya rozari, hujaisali.

Hayo si maneno ya nadharia kwa watu wa Kasulu. Pale Kabanga, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, walikusanywa watoto na watu wazima wenye ualbino waliokimbia makwao kwa sababu kulikuwa na watu waliotaka viungo vya miili yao. Walivitaka kwa nini? Kwa dawa za utajiri, kwa bahati ya uchimbaji, kwa vitu vya kufunga na kuvaa. Kila mnunuzi alikuwa na jirani, na baadhi yao bila shaka walibatizwa. Hapo ndipo njia ya hirizi inapoishia ukiifuata hadi mwisho: mwili wa mtoto wa jirani unakuwa malighafi ya usalama wangu. Na mtu akiivaa medali ya Bikira Maria kwa roho ileile, iniletee mimi bahati na imletee mwingine balaa, amebadili kitambaa tu. Katekisimu, namba 2111, inauita mwelekeo huo ushirikina, hata kama kilichoshikwa ni kitu cha Kanisa.

Kijana wa Ikili

Mfano ulio wazi kuliko yote wa mtu aliyelipa deni la alama yake unatoka nchi jirani. Isidori Bakanja alizaliwa yapata mwaka 1887 upande wa Ekweta, magharibi ya Kongo. Alikwenda Mbandaka kutafuta kazi, akawa msaidizi wa waashi. Huko alifundishwa na watawa Watrapisti, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alipewa rozari na skapulari, na hakuviweka sandukuni. Mahali ambako hapakuwa na padri wala katekista, rozari yake ndiyo iliyokuwa katekisimu. Wafanyakazi wenzake waliuliza ni nini, naye akawafundisha kusali.

Baadaye aliajiriwa na wazungu wa kampuni ya Kibelgiji iliyokuwa ikikusanya mazao ya msitu, akafika kituo cha Ikili. Tuielewe Kongo ya siku zile. Mpira ulikuwa umetajirisha Ulaya kwa damu ya watu waliopigwa na kukatwa mikono. Mwaka 1908 tu ndipo Mfalme Leopold II alipolazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji koloni aliloliita mali yake. Mawakala wengi wa makampuni waliwachukia wamisionari, kwa maana baadhi yao walikuwa wameanza kusema. Mfanyakazi aliyejifunza kwamba yeye na bwana wake wana Baba mmoja alikuwa hatari kwa biashara.

Msimamizi wa Ikili alimkataza Bakanja kuwafundisha wenzake sala. Akamwamuru avue kile kitambaa cha shingoni. Bakanja hakuvua, akapigwa viboko. Tarehe 2 Februari 1909 msimamizi aliichana skapulari, akaamuru apigwe tena, safari hii kwa mjeledi wa ngozi ya tembo uliopigiliwa misumari, viboko zaidi ya mia. Nyama za mgongo zilitoka. Alifungwa minyororo, kisha akatolewa kupelekwa mbali ili mkaguzi wa kampuni asimwone. Alijificha msituni, akajikokota hadi njiani, na mkaguzi akamkuta. Aliishi miezi sita na vidonda vinavyooza. Mapadri walipofika kumpa sakramenti walimwomba amsamehe aliyempiga. Alijibu kwamba hana kinyongo naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, rozari mkononi na skapulari shingoni.

Tazameni mambo mawili hapo. La kwanza, skapulari haikumkinga na kiboko. Ndiyo iliyokileta. Angekuwa ameivaa kama hirizi, angeitupa siku ile ile, maana imeshindwa kazi. La pili, deni lake halikuishia kwa wenzake aliowafundisha. Lilimfikia hata msimamizi. Mtu aliyeichana alama ile ndiye aliyeombewa na aliyeivaa. Kama alama ni kwa ajili ya jirani, basi ni kwa ajili ya jirani aliyepo, si kwa yule tunayemchagua.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza Bakanja kuwa Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994, wakati maaskofu wa Afrika wakiwa kwenye Sinodi mjini Roma. Tarehe hiyo inauma. Wiki mbili na siku kadhaa kabla, mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda, nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa Wakatoliki. Katika kanisa la Nyamata, ambalo leo ni kumbukumbu, zimehifadhiwa nguo za waliouawa humo, vitambulisho vilivyoandikwa kabila, na rozari zao. Walioingia na mapanga hawakuwa wageni wa alama ile. Wengi wao walikuwa wamebatizwa kama wale waliouawa. Siku Roma ilipokuwa inamheshimu mtu aliyemsamehe aliyemtesa kwa sababu ya kitambaa kidogo cha kahawia, majirani waliovaa rozari walikuwa wakiwaua majirani waliovaa rozari, mwendo usio mrefu kutoka hapa tulipokaa. Kitambulisho cha kabila kilisomwa, rozari haikusomwa. Anayedhani kuvaa kunatosha aende Nyamata.

Majibu kwa maswali yenu

Niyapitie sasa maswali mengine mliyoniandikia.

Ndugu wa Anglikana na wa Kipentekoste wanauliza kama Yesu hakuwakemea wanaopanua hirizi za sala na kurefusha matamvua ili waonekane. Aliwakemea, katika Mathayo 23:5. Alikemea kuvaa ili kusifiwa. Matamvua yenyewe yaliagizwa katika Hesabu sura ya 15 ili watu wakumbuke amri za Mungu, na inaaminika kwamba ndiyo pindo la vazi la Yesu mwenyewe aliloligusa yule mwanamke mgonjwa. Kwa hiyo tulipokee kemeo hilo kwa unyenyekevu, kwa sababu linatuhusu. Medali ya dhahabu kubwa kama sahani, iliyonunuliwa ili jirani aijue bei yake, ina kesi ya kujibu.

Vijana wanaokwenda kutafuta kazi mijini wanauliza wafanye nini mwajiri akikataza msalaba. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa dini. Lakini tujifunze pia busara ya kupambanua. Nchini Uingereza, Nadia Eweida, mfanyakazi wa British Airways, alizuiwa mwaka 2006 asivae msalaba mdogo ukionekana juu ya sare. Januari 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa haki. Katika hukumu hiyohiyo muuguzi Shirley Chaplin alishindwa, kwa kuwa hospitali ilihofia mkufu unaoning'inia ungemdhuru yeye au mgonjwa. Tofauti hiyo inaeleweka. Ukiambiwa uvue kwa sababu mashine itakunasa au mgonjwa ataumia, vua. Usalama wa mwingine ni sehemu ya kile unachokivaa. Ukiambiwa uvue kwa sababu bosi anaona aibu ya imani yako, kumbuka Ikili.

Kuna aliyeuliza kama kila mwenye rozari ni Mkatoliki. Hapana. Nchini Kenya, upande wa Nyanza, wako waamini wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Roma miaka ya 1960, na rozari zao ni kubwa kuliko zetu. Wanamuziki na wachezaji mpira huvaa kwa urembo. Tusipoteze muda kuwachunga. Tujichunge sisi.

Na rozari ikikatika? Ukiweza, itengeneze. Zile mbegu za kijivu zinazong'aa, za nyasi inayoota kando ya maji, zina tundu la asili na mtoto anaweza kuzitunga bila sindano. Ila zile nyekundu zenye doa jeusi msizitumie, hasa kwa mtoto anayepeleka kila kitu mdomoni, kwa kuwa ndani yake mna sumu kali. Isiyotengenezeka ichomwe au izikwe ardhini, isitupwe jalalani. Na kitu kilichokwisha kubarikiwa kisiuzwe kwa bei ya baraka. Anayekuuzia mafuta, maji, leso au rozari kwa kukuhakikishia utajiri, awe wa dhehebu lolote, ni mwana wa Skewa.

Pa kulipia

Nilisema mvaaji anadaiwa na jirani. Haki ya kudai bila mahali pa kulipia ni maneno matupu, kwa hiyo nitaje mahali penyewe.

Mkoa huu unalifahamu jina la kamchape. Wanafika kijijini wakidai wana uwezo wa kuwafichua wachawi. Watu wanachangishwa. Wanaingia ua hadi ua, wanachimba, wanatoa pembe na vitambaa ambavyo hakuna aliyeona vimeingiaje. Anayetajwa mara nyingi ni mzee, mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi hana mtoto wa kumtetea. Kutoka siku hiyo jina lake limekwisha, na pengine mali yake na uhai wake vinafuata. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu mwaka 1928, inafanya kumtuhumu mtu uchawi kiholela kuwa kosa la jinai. Lakini polisi wako mbali, na ngoma ya kamchape iko hapa hapa.

Siku hiyo uwanja unajaa rozari. Wako wanaochangia fedha wakiwa wameivaa. Wako wanaonyamaza wakiwa wameivaa, wakiishika kwa nguvu ili wasitajwe wao. Muuguzi aliyevaa sare hawezi kumpita mgonjwa aliyeanguka mlangoni akasema zamu yake bado. Sare imekwisha kumwita. Vivyo hivyo bibi anayetajwa mchawi, akitupa macho huku na huku akaona shingo zenye msalaba, ana haki ya kutarajia kwamba kati ya hao yuko atakayesimama upande wake. Hajui kanuni ya 1171. Anajua tu kwamba ninyi mmejitangaza kuwa wafuasi wa mtu aliyetuhumiwa uongo akauawa mbele ya umati.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, yaanze mwezi huu. Kila jumuiya iorodheshe wazee wanaoishi peke yao katika eneo lake, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Ratiba ya rozari ya nyumba kwa nyumba ianzie kwenye ua ambao watu wanaukwepa, tukiruhusiwa na mwenye ua. Na siku kamchape wakirudi, wenye rozari waende wakaketi mlangoni kwa huyo mzee na kusali hapo hapo, huku vijana wakimpigia simu mtendaji wa kijiji na polisi. Mwenye hirizi aliye tayari kuiacha aje kwa Baba Paroko. Haitatangazwa.

Itakapofika siku hiyo, usiingize rozari ndani ya shati. Jirani akikudai, lipa.